Tatu Nukta Nne: Daraja la Shahada na Riziki ya Mhitimu

Kila mwaka, matokeo ya muhula wa mwisho yanapotoka, waalimu wa vyuo vikuu huulizwa swali moja lisilozeeka: kijana husimama mlangoni mwa ofisi, simu mkononi ingali wazi katika ukurasa wa matokeo, akaamkia, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, nimetoka na tatu nukta nne. Kazi nitapata kweli?" Mzazi wake naye, aliyeuza ng'ombe au aliyekopa katika kikoba ili mwana asome, huuliza jambo hilohilo kwa maneno mengine, na ana haki ya kuliuliza, na mwajiri, mbele ya rundo la maombi yaliyofanana kama pacha, hujiuliza kimoyomoyo kama tarakimu ile iliyoandikwa chini ya cheti inamwambia lolote juu ya mtu atakayekuja kukaa kwenye meza yake.

Sura hii inajaribu kulijibu swali hilo bila ya kumtisha aliyepata kidogo wala kumlevya aliyepata kingi. Rai yangu naiweka bayana tangu mwanzo, ili msomaji apate kuipima tunapoendelea: daraja la shahada lina nguvu kubwa katika mahali pachache panapojulikana kwa majina, tena kwa muda mfupi, na nje ya mahali hapo na muda huo nguvu yake hufifia hata ikakaribia kutoweka. Taabu ya vijana wetu ni kwamba mahali hapo hawaonyeshwi mapema, na wengi huja kupajua wakati hesabu imekwisha kufungwa.

Daraja lilikotoka

Shahada za awali zilizosomewa Dar es Salaam hazikuwa za Dar es Salaam. Chuo kilipofunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, wanafunzi 13 wa sheria wakisoma katika jengo la TANU kwenye mtaa uitwao leo Lumumba, kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, na kawaida zake zilikuwa kawaida za huko; mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi; na ilipofika Julai 1970 ndipo kila kimoja kikasimama kwa miguu yake. Katika mirathi tuliyoachiwa na Waingereza, pamoja na majoho na kofia za mahafali, lilikuwamo na hili la kuwapanga wahitimu kwa madaraja, nasi tukalipokea, tukalitia hesabu zetu wenyewe, likawa letu.

Kwa mizani inayotumika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na katika vyuo vingi vya Tanzania, madaraja ya shahada ya kwanza ni haya:

- Daraja la kwanza: 4.4 hadi 5.0
- Daraja la pili la juu: 3.5 hadi 4.3
- Daraja la pili la chini: 2.7 hadi 3.4
- Daraja la kawaida, ambalo wanafunzi huliita pasi: 2.0 hadi 2.6

Tarakimu hizo ndizo GPA, yaani wastani wa pointi alizokusanya mwanafunzi katika masomo yake yote. Msomaji aliye Kampala atatambua kwamba Makerere daraja la pili la juu huanzia 3.6, kwa hiyo 3.5 iliyo fahari Dar es Salaam ni daraja la pili la chini kule. Na msomaji wa Nairobi atasema kwamba kwao hawahesabu kwa tano bali kwa mia, 70 na zaidi ikiwa daraja la kwanza, 60 hadi 69 daraja la pili la juu. Mpaka, basi, si kitu cha maumbile. Ni mstari uliochorwa na kikao, na kikao kingine kikauchora kwingine.

Lipo jambo ambalo wengi hawalitambui. Shahada ya udaktari wa tiba haigawanywi kwa madaraja: daktari amefaulu au hakufaulu. Mtu anayekabidhiwa roho za watu hatolewi chuoni na daraja la kwanza wala la pili, ilhali yule anayekabidhiwa vitabu vya hesabu za duka hupangwa kwa makini hadi sehemu ya kumi ya pointi, wala sijawahi kusikia mgonjwa wa hospitali ya Muhimbili akilalamikia upungufu huo.

Jinsi hesabu inavyofanya kazi

Ili tujue daraja linasema nini, sharti kwanza tujue linavyopikwa. Kila kozi hutahiniwa kwa alama mia. Kwa kawaida arobaini hutokana na kazi na majaribio ya katikati ya muhula, na sitini hutokana na mtihani wa mwisho, ambao wanafunzi wenyewe huuita UE. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alama 70 na kuendelea ni A, nayo hupewa pointi 5. 60 hadi 69 ni B+, pointi 4. 50 hadi 59 ni B, pointi 3. 40 hadi 49 ni C, pointi 2. Pointi hizo huzidishwa kwa uzito wa kozi, uzito ambao huitwa yuniti. Kisha jumla hugawanywa kwa yuniti zote, na kinachopatikana ni GPA.

Hesabu hii ni nyepesi na ni ya haki kwa maana ya kwamba haimjui mtu kwa jina wala kwa kabila. Lakini ina tabia zake. Tuwachukue wanafunzi wawili wa kubuni, Asha na Juma, na kozi tatu zenye uzito sawa. Asha anapata 69, 69 na 69, jumla yake 207. Juma anapata 70, 70 na 60, jumla yake 200. Kila mwenye akili timamu atasema Asha amemzidi Juma. Lakini Asha ana B+ tatu, wastani wake ni 4.0, naye amekaa katika daraja la pili la juu, ilhali Juma ana A mbili na B+ moja, pointi 14 kwa kozi tatu, wastani wake ni 4.6 na kichele, naye ni daraja la kwanza. Aliyepata alama chache amekaa juu ya aliyepata nyingi, wala hapana mtu aliyedanganya. Vyuo vingine huongeza ukali mwingine: tarakimu zinazofuata nukta hukatwa baada ya ile ya kwanza, hazikaribishwi juu, hata mwenye 3.49 huandikwa 3.4, akakosa daraja kwa kitu ambacho huenda kisizidi alama moja katika kozi moja ya mwaka wa kwanza.

Na huo mwaka wa kwanza ndio ninaotaka kuukazia. Uingereza, katika vyuo vingi, matokeo ya mwaka wa kwanza hayaingii katika daraja la mwisho; mwanafunzi hutakiwa afaulu tu, asonge mbele. Vyuo vyetu vingi huyaingiza. Sasa fikiri shahada ya miaka mitatu yenye kozi 36 za uzito mmoja, kumi na mbili kila mwaka, na mwanafunzi aliyetoka kijijini, ambaye mwaka wa kwanza ulimkuta hajazoea mihadhara ya Kiingereza, hajui maktaba inatumikaje, bumu lake, yaani fedha za mkopo wa masomo, limechelewa, analala wanne katika chumba cha wawili, akatoka na wastani wa 2.5. Amekusanya pointi 30. Ili afike 3.5 anahitaji pointi 126, yaani 96 zaidi kutoka kozi 24 zilizobaki, nayo ni B+ katika kila kozi moja, kwa miaka miwili mfululizo, bila ya kuteleza hata mara moja asipoziba pengo kwa A. Ama daraja la kwanza, lenye kuhitaji pointi 158 na nusu hivi, lilikwisha kumpita. Kwani hata angepata A katika kozi zote 24 angefika 150 tu. Mlango ule ulifungwa Julai ya mwaka wa kwanza, naye hakuusikia ukifungwa.

Kijana huyo akija kukaa mbele ya mwajiri na 3.3 yake, tarakimu hiyo haitasema kwamba mwaka wa tatu alikuwa miongoni mwa watu hodari wa darasa. Transkripti ingelisema, maana ndiyo karatasi inayoorodhesha kila kozi na alama yake mwaka kwa mwaka. Lakini ni nani asomaye transkripti za watu mia tano?

Kwa ufupi, hadi hapa: daraja ni wastani, na wastani huficha safari. Mipaka yake imewekwa na watu, haifanani chuo na chuo, na hutenganisha waliokaribiana huku ikiwachanganya waliotengana.

Milango inayotazama daraja

Baada ya kulitoa makosa, insafu inanilazimu kusema mahali ambapo daraja ni amri. Mahali pa kwanza ni chuo kikuu chenyewe. Anayetaka kuwa mhadhiri katika vyuo vikuu vya umma Tanzania huanzia ngazi ya mkufunzi msaidizi, na huko hutakiwa awe na GPA isiyopungua 3.8 katika shahada ya kwanza. Akitaka kuingia kwa ngazi ya mhadhiri msaidizi, ile 3.8 hubaki palepale na juu yake huwekwa 4.0 ya shahada ya uzamili. Tazama vizuri sharti hilo la pili, kwa maana ndilo linalowaumiza wengi: uzamili mzuri haufuti shahada ya kwanza dhaifu. Mtu aliyekwenda ughaibuni akarudi na uzamili wa sifa kubwa, na pengine na uzamivu juu yake, yamkini akakuta tangazo la nafasi ya kufundisha linamrudisha kwenye 3.6 aliyoipata akiwa na miaka ishirini na mitatu. Wapo wanaouona uadilifu katika sharti hilo. Mimi naliona ni kali kupita kiasi, lakini maadamu lipo, kijana anayeota kuvaa joho la mwalimu aambiwe siku anayosajiliwa, asisubiri kuambiwa siku ya mahafali.

Mahali pa pili ni masomo ya juu na ufadhili. Uzamili kwa kawaida huomba walau daraja la pili, hata la chini, kwa hiyo 2.7 ni mpaka wa kukumbukwa kuliko watu wanavyodhani. Ufadhili wa nje ni mgumu zaidi: ule wa Chevening wa serikali ya Uingereza, mathalani, hutazamia shahada iliyo sawa na daraja la pili la juu, na pamoja nayo saa 2,800 za uzoefu wa kazi, takriban miaka miwili, na hapo msomaji aone kwamba hata wanaopenda daraja hawatosheki nalo peke yake.

Mahali pa tatu ni zile programu za mabenki na kampuni kubwa za kuwachukua wahitimu wapya wachache na kuwalea wawe mameneja. Nchini Kenya matangazo ya namna hiyo huomba mara nyingi daraja la pili la juu, na juu yake B+ ya kidato cha nne, kana kwamba miaka minne ya chuo haikutosha kuwa ithibati. Tanzania nako masharti ya aina hiyo yapo katika sekta binafsi, ingawa hayaandikwi kila mara, na kijana huyajua kwa kutoitwa.

Sababu ya milango hii kutazama daraja haifichiki. Mtu asiyekujua anatakiwa achague kumi kati ya elfu, hana wasaa wa kuonana na elfu, na anataka kipimo ambacho hakuna atakayemlaumu kwa kukitumia. Daraja humpa hicho. Ni chekeche: hutenganisha unga na chenga kwa haraka, wala halijui mkate utakuwa na ladha gani.

Mahali ambapo daraja hunyamaza

Sasa tuende kwa mwajiri mkubwa kuliko wote, ambaye ni serikali. Fungua tangazo lolote la kawaida la Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, lile la afisa utumishi au mhasibu au mchumi, na utakuta sifa ya mwombaji imeandikwa kuwa ni shahada ya fani fulani kutoka chuo kinachotambuliwa na serikali. Aghalabu nukta ya GPA haipo. Utakuta badala yake masharti ambayo vijana huyadharau kisha yakawaangusha: cheti halisi cha kuzaliwa, cheti halisi cha kidato cha nne, majina yanayofanana katika vyeti vyote, na onyo kwamba hati za matokeo za muda hazikubaliwi. Nimewaona wenye madaraja mazuri wakirudishwa nje ya ukumbi kwa sababu cheti cha shule kinasema Mohamed na cha chuo kinasema Muhammad. Daraja la kwanza halimsaidii mtu ambaye vyeti vyake vinamtaja kama watu wawili.

Baada ya vyeti huja mtihani wa mchujo, nao ndio chekeche jipya. Kwa nini jipya? Kwa sababu hesabu ya watu imebadilika. Mwaka 2014 Idara ya Uhamiaji ilipotangaza nafasi 70, waliofika kusailiwa walizidi 10,000, na hapakupatikana ukumbi wa kuwaweka ila Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, wakaketi katika viti vya mashabiki wa mpira. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilipotangaza nafasi 1,596, maombi yalipita 130,000. Katika umati wa kadiri hiyo wenye daraja la pili la juu peke yao wangeweza kuzijaza nafasi zote mara nyingi, kwa hiyo daraja haliwezi tena kuchuja. Mwajiri hulazimika kuwapa watu wote karatasi moja, siku moja, na kuanza hesabu upya. Mwenye 4.2 na mwenye 2.9 huketi viti vya jirani, na anayepata alama kubwa zaidi siku hiyo ndiye anayeitwa kwa mahojiano. Anayefaulu na kukosa nafasi jina lake hutiwa katika kanzidata, akangoja. Na katika kungoja huko hakuna anayemuuliza alipata daraja gani.

Fani zenye bodi zao nazo zimeweka malango yao. Mhitimu wa uhasibu, awe na daraja lolote, haitwi mhasibu kamili mpaka ashinde mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, ile ijulikanayo kwa herufi CPA. Mhandisi hufanya kazi chini ya usimamizi kwa takriban miaka mitatu kabla ya kusajiliwa. Na mwanasheria, akitaka kuwa wakili, hupita Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, mahali ambapo mwaka 2022 palizuka mshituko wa taifa zima ilipojulikana kwamba kati ya wanafunzi 633 waliofaulu masomo yote kwa mara moja walikuwa 26 tu. Kila mmoja wa wale 633 alikuwa na shahada ya sheria mkononi. Serikali iliunda kamati ichunguze, na watu wakagawanyika, wengine wakilaumu taasisi, wengine wakilaumu vyuo vilivyowatoa. Lakini lolote lililokuwa kweli, bayana ni kwamba madaraja ya vyuo hayakuwa yamebashiri kilichotokea.

Kenya inatoa mfano wa ajabu zaidi. Mwalimu anayetaka kusajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu kwa shule za sekondari huulizwa kama ana shahada ya ualimu, kisha huulizwa alipata nini kidato cha nne: C+ kwa jumla, na C+ katika masomo mawili atakayofundisha. Daraja la shahada limekaa kimya katikati, huku alama za mtihani alioufanya akiwa mtoto zikiendelea kusema.

Nini hutokea wanapozidi

Ukiyaweka haya pamoja utaona mwendo wake. Wahitimu walipokuwa wachache, shahada yenyewe ilikuwa mchujo. Mwalimu Julius Nyerere, aliyepata stashahada ya ualimu Makerere, alikwenda Edinburgh mwaka 1949 na kurudi mwaka 1952 na shahada ya M.A. ya namna ya kawaida, ile ambayo kwa desturi ya Uskoti hutolewa bila ya daraja kwa mtu aliyesoma mambo mengi kwa upana: siasa ya uchumi, falsafa ya maadili, sheria ya katiba, historia. Mtu huyo ndiye aliyekuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipojitegemea mwaka 1970, akiwatunuku wengine madaraja ya kwanza ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kupewa wala kuulizwa. Lakini simtaji ili kijana wa leo ajifariji kwake, kwa maana Mtanganyika mwenye shahada ya Uingereza mwaka 1952 alihesabika kwa vidole, na aliporudi hakukuta umati uwanjani.

Wahitimu walipoongezeka, daraja likawa mchujo. Na wenye madaraja mazuri walipoongezeka nao, mchujo ukahamia katika mitihani ya waajiri. Huko Uingereza, kulikotoka desturi hii, hatua hiyo ya tatu inaonekana kwa uwazi zaidi: katika mwaka wa masomo 2010/11 wahitimu wa daraja la kwanza huko England walikuwa takriban mmoja kati ya sita, na miaka kumi baadaye walizidi mmoja kati ya watatu. Kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya EY iliacha kudai daraja la pili la juu mwaka 2015, na PwC ikafanya hivyo mwaka 2022, kila moja ikitegemea majaribio yake yenyewe. Walioturithisha kipimo wameanza kukiweka chini, ilhali sisi tungali tunakinyanyua.

Taathira yake darasani

Mwanafunzi anayeiogopa GPA kuliko ujinga hujifunza werevu wa namna yake. Huuliza kozi ya hiari ipi ina mwalimu mkarimu wa alama, akaikimbia takwimu, ambayo angeihitaji kazini kila siku, akachagua kozi ambayo "madesa" yake, yaani maelezo ya kunakili yanayorithishwa mwaka hadi mwaka, yanatosha kumvusha. Hupiga msuli, yaani husoma kwa kujikaza, wiki mbili kabla ya UE, akaandika alichokariri, akakisahau kabla ya likizo kwisha. Huyu akitoka na 3.9 amepata alichotafuta, na taksiri si yake peke yake, maana mfumo umemlipa kwa hilo. Taabu huanza siku ya mtihani wa mchujo wa mwajiri, ambao hauna madesa, au siku ya mahojiano anapoulizwa afafanue utafiti wake wa mwaka wa tatu kwa maneno yake mwenyewe, naye hakuuandika kwa maneno yake mwenyewe.

Upande wa pili wapo wanaolidharau daraja kwa kusikia hadithi za matajiri wasiosoma. Hao nawaonya kwa ukali ule ule. Mwenye 2.5 amejifungia mlango wa uzamili kabla hajajua kama atauhitaji, na mtu wa miaka ishirini na mbili hajui atataka nini akiwa na thelathini.

Muhtasari wa sehemu hizi:

- Anayetaka kufundisha chuo kikuu: 3.8 ni sharti, na huanza kuhesabiwa muhula wa kwanza.
- Anayetaka ufadhili wa nje: 3.5 na uzoefu wa kazi.
- Anayetaka nafasi ya uzamili ibaki wazi: asishuke chini ya 2.7.
- Anayetaka utumishi wa umma, uwakili, uhasibu au uhandisi: afaulu, kisha ajiandae kwa mtihani mwingine.

Kwa aliye na tatu nukta nne

Nirudi kwa kijana wa mlangoni. Jambo la kwanza ninalomwambia ni kwamba kati yake na mwenye 3.5 pana tofauti katika karatasi za watu fulani niliowataja, wala hapana tofauti katika ubongo. Kama alitaka ualimu wa chuo kikuu, njia hiyo ni finyu mno, na ni heri alijue hilo leo. Kama hakutaka, basi aorodheshe anachoweza kukifanya mbele ya mtu akimtazama: kuandika barua rasmi isiyo na makosa, kupanga hesabu katika kompyuta, kusimama mbele ya watu kumi akasema kwa mpangilio. Mafunzo ya vitendo aliyoyafanya, yale waitayo field, kama aliyafanya kwa dhati yana mtu mmoja anayemkumbuka. Mtu huyo apigiwe simu wiki hii, kabla hajasahau. Wahitimu wengi hungoja tangazo, ilhali kazi nyingi katika ofisi ndogo huku kwetu hupatikana kwa sababu mtu fulani alisema, "Yule kijana aliyekuwa hapa mwaka juzi yuko wapi?"

Swali lake la mwisho huwa kama aiandike GPA katika wasifu wake. Namjibu hivi: tangazo likiitaja, iandike kama ilivyo, kwa nukta yake, maana transkripti itaombwa na mwongo atajulikana, wapo waliofukuzwa kazini miaka mingi baada ya kuajiriwa kwa ajili ya cheti kilichochezewa. Tangazo lisipoitaja, andika jina la shahada, chuo na mwaka, kisha nenda moja kwa moja kwenye kazi ulizofanya, ukizitaja kwa vitendo na si kwa sifa. Na ukishakuwa na miaka mitatu au minne kazini, iondoe hata kama ni 4.5, kwa maana msomaji wa wasifu huo atakuwa anatafuta jina la msimamizi wako wa mwisho na namba yake ya simu.